Sauti ikishushwa usiku besi inapotea na upande mmoja unafifia: tatizo ni amplifaya au spika?

Mpenda_Kinanda

Wakuu, habari za saa hizi. Naomba majibu yenye vipimo, siyo "nunua kubwa zaidi".

Amplifaya ni ya stereo, wati 100 kila chaneli kwa omu 8, daraja AB, ina besi, trebo, balansi na swichi iliyoandikwa "Loudness". Spika ni za kuweka juu ya stendi, njia mbili, wufa (spika ya besi) ya inchi 6.5, omu 8, unyeti desibeli 86. Chumba ni mita 4 kwa 5, nakaa mita 2.5 kutoka kwenye spika. Muziki unatoka kwenye kompyuta kupitia DAC ya USB (kifaa kinachogeuza dijitali kuwa signali ya sauti) inayotoa volti 2.

Sauti ikiwa juu sina lalamiko. Nikishusha kwa ajili ya usiku, besi inayeyuka, muziki unabaki kama wa simu. Voliumu ikifika chini kabisa, pale mshale unapoelekea namba 8 ya uso wa saa, spika ya kushoto inafifia kabla ya kulia. Halafu kuna mvumo wa "shiii" kwenye twita (spika ndogo ya sauti kali), nikisogeza sikio nausikia.

Nimeshauriwa amplifaya ya wati 200 "yenye nguvu ya kushika spika". Mwingine kasema amplifaya ya valvu, zile taa za kioo badala ya transista. Mwingine kasema tatizo ni spika, nitafute zenye unyeti mkubwa. Nani ana haki?

Fundi_Desibeli

Kabla hujatoa hela, piga hesabu. Unyeti wa 86 maana yake spika ikipewa volti 2.83, ambayo kwa omu 8 ni wati 1, inatoa desibeli 86 ukiwa mita 1 mbele yake. Kutoka mita 1 hadi 2.5 unapoteza kama 8. Spika ni mbili, unarudishiwa 3. Umebaki na 81 hapo unapokaa, na kuta zinaongeza kidogo. Sauti ya usiku isiyoamsha mtu ni wastani wa 60 hivi, yaani 21 chini ya hapo. Kila ukishuka desibeli 10 unagawa wati kwa 10, kwa hiyo kwa 21 unabaki na wati 0.008. Miliwati nane! Vilele vya muziki vikiruka desibeli 20 juu ya wastani, bado hujafika wati moja kamili. Wati 100 zako zinasinzia usiku kucha. Ukileta 200, zitasinzia 200.

Besi kupotea ni sikio lako, na langu pia. Watafiti Fletcher na Munson walilipima hilo mwaka 1933, siku hizi liko kwenye kiwango cha kimataifa cha ISO 226. Sauti ikipungua, sikio linakuwa zito kwa besi kuliko kwa sauti za kati. Ukishuka kutoka desibeli 80 hadi 60, besi ya 50 Hz inasikika kana kwamba umeipunguzia desibeli kama 8 za ziada. Hakuna waya wala wati za kutibu hilo. Dawa ni kuirudisha besi kwa makusudi: swichi ya "Loudness", kitufe cha besi, au ikwalaiza.

Na usidharau kiti. Ukisogea kutoka mita 2.5 hadi 1.25 unapata desibeli 6 za sauti inayokuja moja kwa moja kutoka kwenye spika. Masikio yako yanapata sauti ileile, jirani anapata pungufu.

waya_mbili

Nakubali kuhusu wati na besi. Ila upande wa kushoto kufifia si sikio, ni potenshomita ya voliumu. Ndani ya kile kitufe kuna njia mbili za kaboni, kushoto na kulia, na mwanzoni mwa mzunguko hazilingani. Kadiri unavyoshuka chini ya desibeli 40 za upunguzaji ndivyo tofauti inavyokuwa kubwa.

Na kwa nini unaishi huko chini? Kwa sababu ukuzaji wa amplifaya ni mkubwa kupita kiasi kwa chanzo chako. Angalia kwenye kitabu chake pameandikwa inahitaji milivolti ngapi kufikia wati kamili. Nyingi za aina hiyo ni 200 hivi. DAC yako inatoa volti 2, mara kumi ya hiyo! Nusu ya kwanza ya mzunguko imeshamaliza kila kitu, usiku unachezea milimita mbili tatu za kitufe.

Pima usikisie. Cheza toni ya 200 Hz, mono (ileile pande zote mbili), weka voliumu mahali pa usiku, kisha pima volti AC kwenye vituo vya spika, kushoto halafu kulia. Multimita iwe na skeli ya volti 2 AC au ijipange yenyewe. Zile ambazo skeli yake ndogo ya AC ni 200 V hazitakuonyesha chochote cha maana hapa. Angalia ncha zisigusane wakati wa kupima, transista za kutolea zinakufa kwa sekunde. Tofauti ya asilimia 12 ni desibeli 1, asilimia 41 ni desibeli 3. Rudia voliumu ikiwa juu kidogo. Kisha badilishana plagi za RCA (za waya wa signali kutoka kwenye DAC) nyuma ya amplifaya: ikiwa upande ule ule ndio unaofifia, kosa liko ndani ya amplifaya. Ikihamia upande wa pili, tafuta kwenye DAC au waya wake.

Dada_Twita

Fundi kasahau ile "shiii". Kwa sauti ya chini hilo ndilo linalotenganisha amplifaya nzuri na mbaya, kuliko wati.

Zima chanzo, teremsha voliumu hadi sifuri, sikiliza twita. Mvumo ukibaki vilevile, unazaliwa baada ya voliumu, na hakuna unachoweza kubadilisha kabla ya voliumu kikaupunguza. Ukiongezeka unapopandisha voliumu, unatoka sehemu ya mwanzo ya amplifaya, na chanzo kikiwaka ukazidi tena, hicho nacho kina sehemu yake.

Karatasi za matangazo zinaficha hili kwa sababu kipimo cha kelele hulinganishwa na nguvu kamili. Amplifaya ya wati 100 ikidai desibeli 100, inalinganisha na volti 28.3, kwa hiyo kelele yake ni kama milivolti 0.28. Ukilinganisha na wati 1 umebaki na desibeli 80 tu. Tafuta vipimo vilivyofanywa kwa wati 1, au kelele iliyoandikwa kwa mikrovolti.

Hapo ndipo ushauri wa spika zenye unyeti mkubwa unapogeuka mtego. Kelele ya milivolti 1 kwenye spika yako ya 86 inatoa desibeli 17 hivi ukiwa mita 1, chumba cha kawaida kinaimeza. Iweke kwenye spika ya honi ya desibeli 104, inakuwa 35, utaisikia ukiwa umekaa. Na hiyo honi itakulazimisha ushushe voliumu zaidi, kule ambako kushoto kunafifia. Spika za hivyo zinataka amplifaya tulivu yenye ukuzaji mdogo. Kwa amplifaya uliyonayo zitakuongezea matatizo mawili.

Moja zaidi: ukiona spika ya omu 4 imeandikwa 89 kwa volti 2.83, ujue hapo imekula wati 2. Kwa wati 1 ni 86, sawa na yako.

Mpenda_Kinanda

Nashukuru sana. Nimepima. Mahali pa usiku: kushoto volti 0.17, kulia 0.24. Voliumu ikipanda: kushoto 1.45, kulia 1.50. Nimebadilishana plagi, kushoto bado ndiko kunakofifia. "Shiii" haibadiliki hata voliumu ikiwa sifuri, ila nikiwa nimekaa siisikii, ni mpaka nisogeze sikio kama sentimita 30. Kitabu kinasema milivolti 200 kwa wati kamili.

waya_mbili

Basi jibu unalo. 0.17 kwa 0.24 ni desibeli 3, na juu tofauti inashuka hadi 0.3. Potenshomita haijafa, ndivyo ilivyotengenezwa. Unaweza kuibadilisha kwa bora zaidi, mfano ALPS RK27, lakini lazima ilingane omu, aina ya mkunjo (jinsi sauti inavyopanda unapozungusha) na mpangilio wa miguu.

Njia rahisi ni kupunguza signali kabla haijaingia. Kwanza jaribu bure: shusha voliumu ya kompyuta kwa desibeli 20, DAC ikiwa imewekwa biti 24. Kila desibeli 6 zinakula biti moja, unapoteza tatu na kidogo, zimebaki za kutosha. Ubaya wake ni kwamba siku programu ikirudisha voliumu ya kompyuta hadi mwisho huku kitufe cha amplifaya kiko juu, utaruka kitini na twita inaweza kuungua.

Ya kudumu ni rizista mbili kila chaneli. Kwa desibeli 20: kΩ 10 kwenye njia ya signali, kisha kΩ 1.2 kutoka upande wa amplifaya hadi ardhi. Ikiwa ukinzani wa ingizo la amplifaya ni kΩ 47, hesabu inatoka 19.6. Kwa desibeli 12: 7.5 na 2.7. Tumia za filamu ya chuma, asilimia 1, robo wati. Usibadilishe mahali pake: ile ya ardhini ikikaa upande wa DAC, upunguzaji unakuwa mdogo kuliko ulivyopiga hesabu na DAC inabebeshwa mzigo bure. Zifunge karibu na plagi ya upande wa amplifaya, waya unaofuata uwe mfupi. Ardhi ikilehemiwa vibaya utapata mngurumo badala ya muziki.

Kimya_Kingi

Angalizo kabla hajashika chuma cha lehemu. Swichi ya "Loudness" kwenye amplifaya nyingi imeunganishwa na mguu wa ziada wa potenshomita. Inaongeza besi nyingi kitufe kikiwa chini, na kadiri unavyopanda inapungua hadi haisikiki. Ukipunguza signali kwa desibeli 20, kitufe kitapanda hadi kama namba 11 ya uso wa saa, na "Loudness" itaondoka nayo. Watu huweka kipunguza sauti, kisha wanarudi kulalamika kwamba kimekula besi. Hakijala, kimeihamisha swichi nje ya eneo lake.

Kuna Yamaha zenye kitufe cha kuzungusha cha "Loudness" peke yake. Hizo hazina shida hii: unaweka voliumu kwa kiwango cha juu unachotaka kufika, kisha unashusha kwa kitufe cha "Loudness" chenyewe.

Kwako wewe, muziki ukitoka kwenye kompyuta, tumia ikwalaiza. Kichujio cha rafu ya chini (kinachoinua masafa yote ya chini kwa pamoja), 90 Hz, panda desibeli 5 au 6, na ushushe ngazi ya jumla kwa kiasi hichohicho ili vilele vya signali ya dijitali visikatwe. Kitufe cha besi cha amplifaya kinaweza kutosha, ila vingi vinapanda hadi 200 au 300 Hz, sauti ya mwanamume inaanza kutoka kama yuko ndani ya pipa. Usijaribu kuinua 30 Hz kwa wufa ya inchi 6.5, haina cha kukupa huko. Spika pia zisogeze hadi sentimita 20 au 30 kutoka ukutani kama tundu la hewa halijabanwa, ukuta wenyewe unaongeza besi bila umeme.

Fundi_Desibeli

Kuhusu valvu, kwa kuwa hakuna aliyeigusa. Wati 5 za valvu zinamtosha kabisa kwa sauti hiyo. Lakini amplifaya nyingi za valvu zina ukinzani wa kutolea (ukinzani wa amplifaya yenyewe, ambao spika inauona nyuma yake) wa omu 1 hadi 3. Spika ambayo ukinzani wake unacheza kati ya omu 6 na 30, ikiendeshwa na omu 2, inapata tofauti ya karibu desibeli 2 kati ya masafa na masafa. Ukiipenda sawa, ila ni ladha, haitibu sauti ya chini.

Kwa sababu hiyohiyo, usiweke rizista kati ya amplifaya na spika kuua "shiii". Omu 4 mfululizo na omu 8 sambamba inakata desibeli 6, ni kweli, ila spika inaona omu 2.7 nyuma yake na wufa inalegea. Siku mtu akipandisha sauti, rizista za wati 10 zinaweza kuungua. Mvumo unaosikika kwa sentimita 30 tu uache.

Dada_Twita

Kama utaongeza sabwufa, swichi yake ya "Auto" iweke "On". Kwa sauti ya chini signali haifiki kiwango cha kuiamsha, inalala katikati ya wimbo na utadhani besi imepotea tena. Spika zenye amplifaya ndani zina ugonjwa huohuo.

Mpenda_Kinanda

Nimejaribu ile ya bure, kompyuta desibeli 20 chini: kushoto 0.23, kulia 0.24. Na rafu ya 90 Hz kwa desibeli 5, besi imerudi. Sasa nilehemu. Niweke 12 au 20? Naogopa mchana amplifaya isikose nguvu.

waya_mbili

20. Volti 2 ukizigawa kwa 10 ni milivolti 200, ndizo hasa kitabu chako kinazotaka kwa wati kamili. Hupotezi hata wati moja. Nyimbo zilizorekodiwa kwa sauti ya chini zitataka upandishe kitufe zaidi, basi. Ukilehemu, irudishe kompyuta juu kabla hujapima tena, la sivyo utahesabu desibeli 40 na kuja hapa kuuliza sauti imekwenda wapi.