Australian Open ya tenisi naiangalia vipi na asubuhi nna kazi?

mvuka_feri: Jamani, kila Januari naikosa. Nakaa Likoni, feri navuka saa kumi na mbili asubuhi, na ratiba yao ni ya saa za Melbourne, yanichanganya kabisa. Nyinyi mwafanyaje?

bint_majengo: Kakangu, toa masaa manane basi. Mechi za mchana zaanza saa tano asubuhi yao, huku saa tisa usiku. Za usiku ni saa moja yao, kwetu saa tano asubuhi. Mie nikishaswali isha nalala, alamu naiweka chini ya mto nisiwaamshe watoto, nabandika chai ya tangawizi natizama mpaka adhana ya alfajiri.

wa_kisauni: Afadhali hiyo, US Open ndo mtihani, mechi za usiku za New York kwetu ni saa nane usiku! We ngoja fainali ya wanaume, ni Jumapili saa tano na nusu asubuhi, hauko job. Ila simu ichaji mapema, ile ya 2012 ya Djokovic na Nadal ilienda masaa 5 na dakika 53, stima ikapotea seti ya tano, wallahi iliniuma.

mvuka_feri: Shukran dadangu, za usiku ntazishika kwa simu lanchi.