Namba ya kifurushi cha bei nafuu: inasema nini, inanyamaza wapi

Kutoka: dada wa Tabora, aliyeko Ujerumani

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Naomba tuelimishane. Vifurushi vya posta vya bei nafuu vinavyokwenda nyumbani vinapewa namba, lakini ikishaandikwa "kimeondoka ofisi ya kimataifa" hakuna jipya kwa wiki tatu, nne. Wakati huo mzigo unakuwa wapi hasa? Na mtu asubiri hadi lini kabla ya kudai? Kuna kimoja cha Tabora mjini na kingine cha Ujiji.

Kutoka: kaka wa Kigoma, Uswidi

Marahaba, dada. Kabla ya kuuliza mzigo uko wapi, isome namba yenyewe, maana ndiyo inayokwambia umenunua nini.

Namba za posta za kimataifa hufuata kanuni ya Umoja wa Posta Duniani (UPU), iitwayo S10. Ni tarakimu na herufi 13: herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi ilikotoka (DE Ujerumani, GB Uingereza, SE Uswidi, TZ Tanzania). Herufi ya kwanza ndiyo yenye maana. R ni rejista. C ni kifurushi cha kawaida cha posta. E ni EMS, yaani posta ya haraka. V ni kilichowekewa bima. L ni cha daraja la barua kinachofuatiliwa. U ni cha daraja la barua kisichofuatiliwa.

Hiyo U inawachanganya watu wengi. Ina msimbopau (mistari inayosomwa na mashine) kama nyingine, kwa hiyo mtu anadhani amenunua ufuatiliaji. Kumbe msimbopau upo kwa ajili ya taarifa za forodha, ambazo siku hizi lazima zitangulie mzigo kwa njia ya kompyuta. Posta nyingine hukiskani mara moja dirishani, yaani huusoma msimbopau wake kwa mashine, ikaishia hapo. Ikikaa kimya baada ya hapo, mfumo haujaharibika, haukuahidi chochote.

Tarakimu ya tisa ni ya kuhakiki. Ukihisi namba imenakiliwa vibaya, zidisha tarakimu nane za mwanzo kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9, 7 kwa mpangilio huo, jumlisha, gawanya kwa 11, kisha baki uitoe kwenye 11. Kwa 12345678 jumla ni 204, baki 6, jibu 5. Kwa hiyo namba sahihi ni 123456785. Jibu likiwa 10 andika 0, likiwa 11 andika 5. Namba isiyopita kipimo hiki imekosewa mahali. Na ile ndefu unayopewa na duka la mtandaoni, isiyo na umbo hili, mara nyingi ni namba ya oda. Waulize wauzaji namba ya posta.

Kutoka: mwanajumuiya wa Nzega, Uingereza

Kaka amelimaliza la namba. Niongeze la ukimya.

"Kimeondoka ofisi ya kimataifa" haina maana kwamba ndege imeruka. Maana yake kifurushi kimeingizwa kwenye mfuko, mfuko ukafungwa na kupewa lebo yake. Kuanzia hapo kinachosafiri kwenye kumbukumbu ni mfuko, si kifurushi chako. Huduma nafuu hupewa nafasi ya mwisho, kwa hiyo mfuko unaweza kusubiri nafasi ya ndege, au ukaenda kwa meli kabisa. Kwa meli, miezi miwili hadi mitatu si ajabu. Hakuna mtu wa kukiskani baharini.

Skani inayofuata ni mfuko unapofunguliwa Dar es Salaam, kwenye ofisi ya mabadilishano ya Shirika la Posta, inayopokea mifuko ya kutoka nje. Hapo utaona "kimefika nchini", kisha "kimewasilishwa forodha", kisha "kimeondoka", halafu "kimefika kituo cha kuchukulia". Kikikwama kwenye hatua ya forodha, kwa kawaida kasoro iko kwenye fomu ya forodha. Kutoka Dar hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita elfu moja, na katikati ya safari hiyo usitarajie skani nyingi.

Msisumbuke kuhama tovuti moja hadi nyingine. Zile zinazokusanya namba za posta zote duniani, kama 17TRACK, hazina skani za kwao. Zinauliza posta za nchi mbili na kukuonyesha majibu. Angalia tovuti ya posta ulikotuma, halafu ya Tanzania. Zikitofautiana, kwa hatua za Tanzania amini ya Tanzania.

Kutoka: dada wa Kasulu, Kanada

Mimi nasisitiza fomu na anwani, kwa sababu vifurushi vingi vinavyodhaniwa vimepotea vimelala ofisini vikisubiri mwenyewe.

Fomu ya forodha ya CN22 ni ya vipakiti vya hadi kilo 2 vyenye thamani isiyozidi SDR 300 (SDR ni kipimo cha fedha cha IMF). Zaidi ya hapo ni CN23. Msiandike "zawadi" tu. Andikeni kitu, idadi, uzito na thamani: mashati mawili ya pamba, gramu 400, bei yake. Jazeni kwa Kiingereza au Kifaransa. Pawabenki haipiti kwa posta ya ndege, na ikigundulika inazuia mzigo mzima.

Jina liwe lile lililo kwenye kitambulisho cha NIDA. "Mama Asha" mtaa mzima unamjua, lakini karani wa dirishani hawezi kumkabidhi mzigo kwa jina hilo. Weka simu yenye +255. Sanduku la posta ni la ofisi fulani: S.L.P. 20 Kigoma siyo S.L.P. 20 Kasulu, kwa hiyo jina la ofisi lisisahaulike. Msimbo wa posta wa Tabora huanza na 45, wa Kigoma na 47. Kama sanduku ni la shule au kanisa, waliokabidhiwa funguo waambiwe mapema, maana taarifa ya kuja kuchukua huweza kuwekwa humo.

Kutoka: kaka wa Kigoma, Uswidi

La kudai: anayedai ni mtumaji, kwenye posta aliyotumia, kwa fomu ya CN08. Kanuni za UPU zinatoa miezi sita kuanzia siku inayofuata ile ya kutuma. Usikae hadi miezi hiyo sita ipite kwa kuona aibu kuuliza! Kama ni cha ndege, wiki sita hadi nane zikipita bila skani ya Dar, fungua dai. Cha meli, kipe hadi miezi minne tangu kutuma. Beba risiti ya kutuma, nakala ya fomu ya forodha, na uthibitisho wa bei. Bila risiti, huna pa kuanzia.

Kutoka: dada wa Tabora

Asanteni sana. Nimeangalia: cha Ujiji kinaanza na C, cha Tabora kinaanza na U.

Kutoka: kaka wa Kigoma, Uswidi

Cha Ujiji kidai ukifika muda niliotaja. Cha Tabora, kanuni za UPU hazikupi fidia. Mwombe mpokeaji aende ofisi ya posta akiwa na NIDA, awaambie jina kamili, sanduku na mwezi uliotuma, waangalie rafuni. Asiridhike na kuulizia kwa namba peke yake, kwani kwa U inawezekana haijawahi kuskaniwa hapo hata kama kifurushi kipo.