Naombeni ushauri: tufuate tuzo au jina la studio?

Wakuu, niko Nkuhungu, Dodoma. Jumamosi jioni tunakusanyika kwa jamaa yangu mwenye projekta, tunachanga hela ya bando na karanga, tunaangalia muvi ukutani. Ubishi ni namna ya kuchagua.

Wenzangu wanataka tushike orodha ya tuzo za Oscar za Marekani tu. Mimi tuzo naziheshimu, ila filamu haigombei ile ya filamu bora bila kuonyeshwa kwenye majumba ya sinema ya Marekani angalau siku 7, halafu kampeni zake zinakula hela ndefu. Mwenye mfuko mdogo atasikika wapi? Sisi Watanzania tulipeleka filamu yetu ya Vuta N'Kuvute mwaka 2022 kwenye kipengele cha filamu za kimataifa, haikuteuliwa. Kwangu ni kali kuliko nyingi zilizobeba sanamu ya Oscar.

Zamani nilichagua kwa nembo ya studio inayotokea mwanzoni. Siku hizi hainiambii kitu. Disney ilinunua studio ya Fox mwaka 2019, Amazon ikaichukua MGM mwaka 2022, na mwaka huohuo Apple, watu wa simu, wakabeba Oscar ya filamu bora. Simba wa kwenye nembo ya MGM bado ananguruma, ila anayemlisha ni mwingine.

Nyie mnachaguaje? Kuna aliyefuata tuzo za ZIFF (tamasha la filamu la Zanzibar) au Cannes (la Ufaransa) akaona afadhali? Na kwa hela ya kuchanga, tulipie huduma moja ya mtandaoni mwaka mzima au tuhamehame kila mwezi?

Tafadhali msinijibu "angalieni mpira".