Nishasaini mimi, mtoto akakataa, sasa je?

Mamake_Muyeye: Asalaam aleikum wenzangu. Wamekuja watu wa utafiti wa malaria huku Malindi, nikaelezwa, nikaelewa, nikatia saini, kisha mwanangu wa miaka 11 akaulizwa na yeye, akasema sitaki sindano, yule dada akafunga faili akaenda zake! Jamani, tangu lini mtoto akapita mzazi?

kijanawabarani: Waaleikum salaam mamangu. Huyo dada yuko sawa. Azimio la Helsinki la 1964, yaani kanuni za madaktari wa dunia kuhusu utafiti kwa binadamu, lilivyo sasa baada ya kurekebishwa, lasema mtoto anayeweza kuamua naye aulizwe, mbali na saini yako, na akikataa aheshimiwe.

Babu_Ngalawa: Mbona chanjo ya surua hawaulizwi? Wangu alilia wakamshika tu.

nesi_mstaafu: Babu hiyo chanjo ni kinga yake mwenyewe. Damu ya utafiti mara nyingi yeye hapati kitu, faida ni ya watu wa kesho, ndo maana sindano hata moja ni mpaka atake. Ila ukiniuliza mimi, anayekataa hana shida, shida ni anayenyamaza, maana watoto wetu tumewafunza mkubwa akisema we inamisha kichwa, sasa akiinamisha mbele ya daktari hiyo ni ridhaa ama ni adabu tu?

Mamake_Muyeye: Haya nimeelewa. Usiku nimemuuliza, kumbe haogopi sindano, alidhani damu yauzwa 😅