Mada: NIN (namba ya kitambulisho cha taifa) ya mtu aliyefariki 1982

Mama Ntinda:
Shikamooni wakubwa, wengine habari za wikiendi. Ndugu zangu nimekwama. Ule usiku wetu wa Okot p'Bitek, mshairi wa Uganda, wa kusoma Wimbo wa Lawino kwa tafsiri ya Paul Sozigwa, huku wenzetu wa kaskazini wakitupigia larakaraka, ngoma ya Waacholi, umefika mahali pabaya. Ukumbi nimeshautolea laki tatu za mwanzo. Jana nikaenda ofisi moja hapa mjini kufuata kibali, nimebeba barua ya LC1 (viongozi wa mtaa), kopi ya pasi, permiti yangu ya kazi ya G, TIN, kila kitu. Dada wa dirishani akafunua karatasi moja moja, analamba kidole, anafunua. Akafika kwenye fomu akasimama.
"Hapa kwenye NIN ya msanii hujajaza."
Nikamwambia msanii ni marehemu.
"Tangu lini?"
1982.
Akatafakari. "Basi leta barua yake ya kukuruhusu."
Yake nani, nyabo?
"Ya msanii."
Aliyewahi kupita njia hii aniambie: pale kwenye NIN mnajaza nini? Shughuli ni Ijumaa ijayo.

Mkenya wa Kisaasi:
Pole dada. Andika N/A, songa mbele. Hiyo ni afadhali, mimi nilikaa na spesho pasi, kibali cha muda cha kuishi nchini, mara tatu mfululizo kwa sababu faili langu lilikuwa "kwa bosi". Siku ya nne nikalikuta faili limeegeshewa dirisha lisijifunge. Na jina langu limeandikwa kwa kalamu nyekundu, sijui kwa nini nyekundu.

Babu wa Kansanga:
Kijana, uwe unasoma kabla ya kushauri. NIN ina herufi na tarakimu 14. N/A hata ukihesabu na mkwaju wake ni tatu. Kompyuta itaitema. Mama Ntinda, sikiliza mkubwa wako: mimi kukata TIN tu nilirudishwa mara mbili, eti jina la kwenye pasi lina "bin" na la kwenye fomu halina. Nikawaambia hiyo bin ni ya baba yangu, mwulizeni yeye. Halafu hili la Okot linanikumbusha Amin alivyomfukuza nchini. Watu wa kalamu hawajawahi kupendwa na ofisi.

Mwalimu wa Gulu:
Babu, kwa heshima zote, Amin hakumfukuza. Amin alichukua nchi Januari 1971. Okot alikuwa mkurugenzi wa ukumbi wa taifa pale Kampala, akaondolewa miaka ya sitini, enzi za Obote, akaishia kufundisha Nairobi. Alirudi Makerere 1982, na mwaka huohuo akafa. Tukimuenzi mtu tusimpachike historia ya mwingine.
Kuhusu kibali: sheria ya hakimiliki ya 2006 inalinda kazi maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hiyo mpaka mwisho wa 2032 ruhusa ni ya warithi, na tafsiri nayo ina wenyewe. Ungeanzia huko, si dirishani.

Mama Ntinda:
Mwalimu, barua ya warithi ninayo. Ya tafsiri ninayo. Nilianzia huko tangu Pasaka. Swali ni NIN.

Babu wa Kansanga:
Nimekubali kusahihishwa. Ila wakati wa Amin nilikuwepo, wewe ulikuwa hujazaliwa.

Shangazi wa Jinja:
Mimi mnanichekesha. Hebu mtazameni Lawino mwenyewe: mumewe Ocol anamgombeza kwa sababu hajui kusoma saa, na yeye anajua mtoto hunyonya akilia, siyo saa ikigonga. Mpelekeni yeye pale dirishani, tuone nani atatoka analia! Kipande hicho cha saa nakiomba mimi, msimpe mtu. Nimeshakifanyia mazoezi jikoni mpaka mwanangu ananijibu kama Ocol.
Lakini tuseme kweli, tatizo lingine ni lugha. Niliingia duka moja Iganga nikaomba chumvi kwa Kiswahili, mwenye duka akaniuliza mume wangu ni askari wa kambi gani, maana huku Kiswahili wanakiona ni cha wanajeshi.

Mkenya wa Kisaasi:
Na serikali ilipitisha Julai 2022 kwamba Kiswahili ni lugha rasmi na kifundishwe shuleni! Fomu yenyewe mbona haina Kiswahili hata neno moja?

Mwalimu wa Gulu:
Baraza la mawaziri ndilo lililopitisha. Kupitisha ni kitu kimoja, walimu na vitabu ni kitu kingine. Nafundisha, najua. Darasa langu vitabu viwili, watoto sitini na kitu.

Babu wa Kansanga:
Nyumbani hata mwenye bucha anakutukana kwa Kiswahili safi, unaondoka umeridhika. Jana nimekula posho (ugali wa huku) na maharage nikakumbuka kahawa chungu na kashata, barazani, jioni, mtu anasoma gazeti kwa sauti na wengine wanambishia. Huo ndio usiku wa fasihi. Hauna kibali.

Shangazi wa Jinja:
Babu, kashata nitakuja nazo. Karanga za huku ni nzuri, nisiwadhulumu. Pilau nani anapika?

Mwalimu wa Gulu:
Wapigaji wangu ni kumi na wawili, na wanakula. Vibuyu wanavyo, ila spoku za baiskeli za kupigia zimebaki chache. Mwenye baiskeli mbovu Kampala asiitupe.

Mama Ntinda:
Niko kwenye foleni sasa hivi, mbele yangu watu sita. Dada ni yuleyule, kidole ni kilekile. NIN, jamani.

Mkenya wa Kisaasi:
Pilau la Mombasa ama la Tabora?