Naomba ushauri: nimpelekeje mtafiti mgeni kwa wavuvi?

Wakuu, shikamooni. Namwongoza mtafiti wa samaki kutoka Ujerumani atakayekuja Mwanza. Ofisini sina shida: kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) anacho, TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi) tutafika, kwa mkuu wa wilaya atasaini kitabu cha wageni, basi.

Kinachoniumiza kichwa ni Mwaloni Kirumba, soko la samaki kando ya ziwa. Anataka kuzungumza na wavuvi na akina mama wa dagaa kuhusu sangara. Sasa ukitokea na mzungu mwenye daftari, tena afisa uvuvi yuko nyuma, nani atataja nyavu anazotumia kweli? Nimefikiria tungoje mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wakiwa wamepumzika. Nianzie kwa viongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa uvuvi mwaloni), au kwa mzee anayeheshimika? Na posho, nitoe au itaharibu majibu?