Naomba ushauri: kasuku wa Audubon na wa Walton Ford

Wakuu, habari zenu. Naandika insha ya kulinganisha chapa mbili (picha zilizochapwa kwa bamba la chuma lililochongwa) za kasuku wa Carolina, ndege wa Marekani aliyetoweka. Wa mwisho kufugwa alikufa mwaka 1918 katika bustani ya wanyama ya Cincinnati. Chapa ya Audubon, mchoraji wa ndege wa karne ya 19, ilichongwa na fundi Havell huko London kwenye bamba la shaba, ikapakwa rangi kwa mkono: kasuku saba, wengi wenye vichwa vya manjano, wanakula bila wasiwasi. Katika ya Ford, msanii Mmarekani wa siku hizi, iitwayo "Dying Words" ("Maneno ya Kufa", 2005), kasuku wamemzunguka mwenzao anayekata roho. Inauma kuitazama.

Nimeziweka sambamba kwenye kompyuta, lakini ukubwa halisi na mistari ya bamba havionekani vizuri. Je, nianzie ufundi au ujumbe? Na nikifika makumbusho, nikague nini kwanza?